UZI: Diwani au mbunge akihama chama huku Nyanda za Juu Kusini, kiti kinakwenda wapi na barua anampa nani?

Karani wa Baraza (mleta uzi)

Kamwene wakuu. Ndaga kwa mtakaosoma mpaka chini.

Uchaguzi ukinukia tu, vijiwe vya Mwanjelwa, Kihesa na Tunduma havikosi habari ya "fulani anahama". Ubishi unaofuata mara nyingi ni wa mambo yaliyokwisha kuandikwa kwenye sheria. Nayaweka hapa kwa mpangilio wa vikao na karatasi. Nani ni msaliti na nani shujaa, tuwaachie wa kijiweni.

Kwanza kabisa, kiti si mali yake. Ibara ya 67(1)(b) ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 71(1)(e) inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwemo wakati anachaguliwa au kuteuliwa, ubunge wake umekoma. Diwani naye yuko kwenye chungu hichohicho kupitia sheria za uchaguzi na za serikali za mitaa. Anayetangaza jukwaani kwamba "nahama na udiwani wangu" hajui anachosema, au anajua na anawachezea wasikilizaji.

Utaratibu wa kuondoka kwa hiari ni barua mbili, na wengi huandika moja.

Barua ya kwanza ni ya kujivua uanachama. Inakwenda kwa katibu wa chama wa ngazi inayotunza rejesta yake (tawi au kata), nakala kwa katibu wa wilaya, na kadi inaambatanishwa. Kadi iliyorushwa juu jukwaani mbele ya kamera haijapokelewa na mtu. Kinachohesabika ni nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Barua ya pili ni ya kujiuzulu udiwani. Inaandikwa kwa mwenyekiti wa halmashauri, au meya kama ni manispaa au jiji, na inapitia kwa mkurugenzi kwa sababu yeye ndiye katibu wa baraza. Mbunge anaandika kwa Spika.

Baada ya hapo mkurugenzi anatoa taarifa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, waziri anaiarifu Tume ya Uchaguzi kwamba kata fulani iko wazi, Tume inatangaza ratiba. Kwa ubunge Spika ndiye anayeiandikia Tume. Kila hatua hapo ina meza yake na meza ina mtu, kwa hiyo kata moja inaweza kujazwa haraka na nyingine ikakaa miezi bila diwani.

Kasoro ninayoiona mara nyingi ni tarehe. Mtu anapokea kadi mpya Jumamosi kwenye mkutano wa hadhara, barua ya kujiuzulu inafika Jumatano, na Jumatatu alisaini posho ya kikao cha kamati. Uanachama wake ulikoma Jumamosi. Posho ile ina hoja ya ukaguzi na inaweza kudaiwa irudi, na kama kamati ilipitisha jambo kwa kura yake, wapinzani wake wapya wana pa kuanzia.

Wenye kuongeza waongeze.

---

Mwanjelwa_Juu

Mkuu umeeleza vizuri, ila umeanza na njia ya wachache. Wengi hawaandiki barua ya kujiuzulu. Wanasubiri kufukuzwa.

Hesabu ni rahisi. Ukijiuzulu, kiti kimekwenda leo. Ukifukuzwa, unakata rufaa ndani ya chama, unakwenda mahakamani kuomba zuio, na mpaka shauri liishe bado unaitwa mheshimiwa. David Kafulila alifukuzwa NCCR-Mageuzi mwishoni mwa 2011, Hamad Rashid Mohamed akafukuzwa CUF mwanzoni mwa 2012, na wote walibaki bungeni kwa mlango wa mahakama mpaka 2015.

Mfano mkubwa zaidi ni wale wabunge 19 wa viti maalum wa CHADEMA. Waliapishwa 24 Novemba 2020, Kamati Kuu ikawafukuza siku 3 baadaye. Baraza Kuu likaitupa rufaa yao Mei 2022. Desemba 2023 Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi wa Baraza Kuu kwa sababu wajumbe wa Kamati Kuu, waliokwisha kuwahukumu mara ya kwanza, walikaa tena kusikiliza rufaa na kupiga kura. Bunge lilimaliza muda wake na wao wamo ndani.

Viongozi wa vyama ngazi ya wilaya wanatakiwa kuisoma hukumu ile. Mkimfukuza diwani, anayemtuhumu asiwe mwamuzi, na aliyeamua mara ya kwanza atoke ukumbini rufaa inaposikilizwa. Mpeni mashtaka kwa maandishi na siku za kujibu, mwiteni ajitetee, andikeni muhtasari. Kikao cha jazba cha nusu saa pale ofisini Soweto hakimtoi mtu kwenye udiwani, kinampa kesi ya kushinda.

---

Kihesa Kilolo

Nakazia hoja ya Mwanjelwa_Juu, na naongeza kwamba hata mahakama si lazima. Ofisi inayopokea barua ya chama nayo ina nguvu yake.

David Silinde alikuwa mbunge wa Momba kwa tiketi ya CHADEMA. Mei 2020 chama kilimfukuza pamoja na Wilfred Lwakatare kwa kukaidi agizo la kutohudhuria Bunge wakati wa korona. Spika Job Ndugai hakuitekeleza barua ile, akawataka waendelee na kazi. Miezi michache baadaye Silinde akagombea Tunduma kwa CCM, akashinda, akawa naibu waziri.

Kwa hiyo kuna kufuli tatu: chama, ofisi inayopokea taarifa, na mahakama. Kiti kinakuwa wazi kwa vitendo pale ambapo hakuna hata moja iliyofungwa. Kwenye halmashauri kufuli la kati analishika mkurugenzi, na chama kinachomfukuza diwani kikiwa hakina mtu wa kufuatilia barua ile kila wiki, barua italala.

---

Binti Rungwe

Shikamooni wakubwa.

Mnazungumzia kiti, mimi naomba nizungumzie kata. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ni katibu. Diwani akiondoka kamati haifi, wajumbe wanachagua mmoja wao aongoze kikao. Kinachokufa ni sauti kwenye baraza. Kata ikipangiwa madarasa mawili halafu bajeti ikapungua, inayopunguzwa kwanza ni ile ambayo mwakilishi wake hayupo ukumbini kupiga kelele.

Angalieni miezi. Halmashauri hutengeneza bajeti kati ya Novemba na Machi ili mwaka wa fedha uanze Julai. Diwani akihama Januari, kata inapita msimu mzima wa mpango na bajeti bila mtu kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango wala kwenye baraza. Atakayechaguliwa Mei anakuta kitabu kimefungwa. Anayehama Agosti anaidhuru kata yake kidogo zaidi. Sijawahi kuona anayezingatia hilo.

Na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, vikundi vinapitia ngazi ya kata kabla ya kufika halmashauri. Kata isiyo na diwani haizuiwi kuomba, ila hakuna wa kuuliza kwa nini faili la kikundi cha mama lishe wa Tukuyu limekaa.

---

Fomu 8C

Dada umesema kweli. Mimi niingie kwenye uteuzi, kwa sababu huko ndiko wahamaji wanakoanguka kabla hata ya kampeni.

Mgombea udiwani anatakiwa awe na miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa kawaida wa eneo la halmashauri, awe na njia halali ya kujipatia kipato, na apendekezwe na chama. Anajaza fomu ya uteuzi namba 8C, anadhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 10 walioandikishwa ndani ya kata ileile, anatoa tamko mbele ya hakimu, na anaweka dhamana ya shilingi 5,000. Ubunge ni fomu 8B, wadhamini 25 wa jimbo, shilingi 50,000. Fomu zirudi kabla ya saa 10:00 jioni siku ya uteuzi. Pingamizi zina muda wake, hadi saa kama hiyo kesho yake.

Pesa si tatizo. Matatizo ni haya:

Wadhamini. Mhamaji anakusanya watu wake wa zamani, na baadhi yao wamekwisha kumdhamini mgombea wa chama alichokitoka. Jina likionekana kwenye fomu mbili, pingamizi limepata chakula. Tena mji kama Mbeya mtu anaishi Iyela na kujiandikisha Sinde. Huyo si mdhamini wa Iyela hata kama amezaliwa pale. Usichukue 10 kamili. Chukua 15 au zaidi, na kila mmoja aje na kadi yake ya mpiga kura, namba inakiliwa mbele ya macho yake.

Majina. Kadi ya mpiga kura inasema jina moja, kadi mpya ya chama imeandikwa haraka kwenye boneti la gari kwa jina la utani analojulikana nalo, kiapo cha hakimu kina la tatu. Mpangie mtu mmoja kazi ya kusoma herufi tu.

Saini ya chama. Kila chama kina kiongozi ambaye saini yake inatambulika kumpendekeza mgombea. Vyama vidogo vina katibu wa wilaya mmoja mwenye muhuri mmoja na wilaya mbili za kuhudumia, na simu yake haipatikani siku ya mwisho. Mwaka 2020 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kasoro za fomu, wengine wakarudishwa kwa rufaa Tume, wakiwa wamepoteza siku za kampeni.

Na msisahau fomu namba 10, ya kukubali kuheshimu maadili ya uchaguzi. Ni ukurasa mdogo ila umewatoa watu.

---

Mwanjelwa_Juu

@Fomu 8C hapo kwenye muda ndipo pa kukaa. Chukueni mwaka 2025. Bunge lilivunjwa 3 Agosti. Kura za maoni za CCM zilipigwa 4 Agosti. Majina ya mwisho ya wagombea ubunge yakatangazwa 23 Agosti. Uteuzi wa Tume kwa ubunge na udiwani ulikuwa 27 Agosti saa 10:00.

Aliyeongoza kura za maoni kisha jina lisirudi alibaki na siku 4 za kupata chama kingine, kadi, kikao cha kumpitisha, wadhamini, hakimu na benki. Ndani ya siku 4 hizo mbili ni Jumapili na siku ya uteuzi yenyewe. Wenye akili walikuwa wameongea na chama cha pili tangu Julai.

Na hata ukiwahi Tume, kanuni za chama kipya zinaweza kukuumbua. Luhaga Mpina alitoka CCM kwenda ACT-Wazalendo mwanzoni mwa Agosti 2025, Bunge likiwa limekwisha kuvunjwa, kwa hiyo hakuwa na ubunge wa kupoteza. Hapo tarehe zilimkaa vizuri. Lakini kugombea kwake urais kukapingwa kwa hoja kwamba alijiunga baada ya muda uliowekwa na kanuni za chama chenyewe, na jina likaishia kuondolewa. Soma kanuni za uchaguzi za chama unachokiendea kabla hujaisoma katiba ya nchi.

---

Mzee wa Makambako

Vijana wangu, mmezungumza karatasi vizuri. Sasa siasa yenyewe.

Mhamaji hupewa tiketi ya kwanza. Ya pili anaitafuta kama mwanachama mwingine yeyote, na hapo ndipo wengi wanapofia.

Mnakumbuka wimbi la 2017 mpaka 2019, wapinzani walipohamia CCM "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli. Mbunge au diwani wa upinzani anajiuzulu, uchaguzi mdogo unaitishwa, na CCM inampitisha yeyeyule bila kura za maoni za kawaida. Maulid Mtulia alirudi Kinondoni hivyo, Julius Kalanga Monduli, Abdallah Mtolea Temeke. Ilipofika 2020 wajumbe wakapewa kura zao, na hao watatu hakuna aliyerudi kuwa mgombea wa jimbo lake. Godwin Mollel wa Siha aliponea. Mwita Waitara alibadili hata jimbo, akatoka Ukonga kwenda Tarime Vijijini. Silinde naye aliiacha Momba akaenda Tunduma. Kugombea jimbo jirani kuna mantiki yake: unajulikana, ila hukutani na wajumbe uliowatukana miaka 5 mfululizo.

Sababu iko chini kabisa. CCM ina balozi wa shina, kisha tawi, kisha kata. Mjumbe anayepiga kura amemsubiri mwenzake wa miaka yote, aliyechangia misiba na kununua mabati ya ofisi ya tawi. Mhamaji anakuja na jina kubwa na hana hata balozi mmoja. Akijenga mtandao wake haraka anaambiwa anagawa chama, akikaa kimya anasahaulika. Anayetaka kudumu aanze na misiba na vikao vya shina, jukwaa la mkoa lije baadaye sana.

Upande wa pili nao mgumu vilevile. Modestus Kilufi alikuwa mbunge wa Mbarali kwa CCM 2010 hadi 2015. Septemba 2023 uchaguzi mdogo wa jimbo hilohilo akasimama kwa ACT-Wazalendo. Jina lake lilijulikana kila skimu ya mpunga ya Usangu, suala la mipaka ya hifadhi ya Ruaha lilikuwa la moto, CHADEMA haikushiriki. Mgombea wa CCM, Bahati Ndingo, akashinda kwa mbali. Jina lilikuwepo. Tawi halikuwepo.

---

Igawilo Stendi

Shikamoo mzee. Mbona 2015 watu walihama kutoka CCM na wakashinda?

---

Mzee wa Makambako

Marahaba kijana. 2015 waziri mkuu wa zamani Edward Lowassa alihama CCM kwenda CHADEMA na msafara, na vyama vinne vya upinzani vilikuwa vimeachiana majimbo chini ya umoja wao wa UKAWA. Mhamaji alikuta muundo unamsubiri. Na angalia mwisho wake: Lowassa alirudi CCM Machi 2019, Frederick Sumaye akatoka CHADEMA Desemba 2019 na kurudi CCM Februari 2020. Diwani aliyewafuata 2015 kutoka huku kwetu hakuwa na mtu wa kumrudisha kwa heshima kama ile.

Tena nikupe mfano wa Iringa Mjini, kwa sababu unafundisha kuliko wa Monduli. Mwaka 2010 Frederick Mwakalebela aliongoza kura za maoni za CCM, vikao vya juu vikamkata, jina la Monica Mbega likarudi. Wanachama walinuna, na Mchungaji Peter Msigwa wa CHADEMA akachukua jimbo. Mwakalebela hakuhama. Akasubiri, 2015 akapewa tiketi, akashindwa na Msigwa yuleyule. Msigwa mwenyewe alipoteza uenyekiti wa CHADEMA Kanda ya Nyasa kwa Joseph Mbilinyi, Sugu, kwenye uchaguzi wa Mei 2024, na 30 Juni mwaka huohuo akapokelewa CCM.

Na aliyechukua jimbo lile 2020 ni Jesca Msambatavangu. Alikuwa mwenyekiti wa CCM mkoa wa Iringa, akafukuzwa uanachama Machi 2017 kwenye fagio lililompitia pia Sophia Simba. Hakwenda chama kingine. Aliomba msamaha, akarudishwa, akapata jimbo. Ukipima waliofukuzwa na kutulia dhidi ya waliofukuzwa na kuhama, ndani ya CCM kutulia kumelipa zaidi. Sisemi ni haki, nasema ndivyo ilivyo.

---

Kihesa Kilolo

Mzee hapo umegonga. Ila usisahau upande wa baraza. Madiwani wakihama kwa mafungu, anayeng'oka si wao tu.

Meya au mwenyekiti wa halmashauri anachaguliwa na madiwani wenyewe, na wabunge wa eneo hilo wanapiga kura kwenye baraza. Viti maalum vya wanawake vinagawiwa kwa uwiano, theluthi moja. Manispaa ya Iringa ina kata 18. Chama kikiwa na 12 na kingine 6, wahamaji 4 wanaleta 8 kwa 10, lakini tu baada ya chaguzi ndogo, na tu kama wanashinda. Kati ya kuhama na kushinda kuna kipindi kata 4 hazina kura, na madiwani wa kata ni 14 tu. Meya mwenye akili huogopa kipindi hicho kuliko uchaguzi wenyewe.

Kumwondoa meya kunahitaji theluthi mbili ya wajumbe, tuhuma kwa maandishi, uchunguzi, na nafasi ya yeye kujibu. Meya wa CHADEMA pale Iringa aliondolewa kwa kura za baraza Machi 2020, hesabu ya ukumbi ikiwa imebadilika sana tangu 2015.

---

Binti Rungwe

Na tuseme ukweli mwingine kuhusu chaguzi ndogo. Novemba 26, 2017 zilipigwa kura kata 43 nchi nzima, CCM ikachukua 42. Moja iliyobaki ilikuwa Ibighi, Rungwe. Watu wanaipenda habari hiyo kama ushujaa. Mimi naiona kama kipimo cha mawakala.

Uchaguzi mdogo wa kata moja una vituo vichache, na anayeweza kuweka wakala mwaminifu kila kituo anaweza kulinda alichopata. Orodha ya mawakala iende kwa msimamizi siku 7 kabla. Kila mmoja ale kiapo, awe na barua ya utambulisho, chakula chake, na maelekezo kwamba hatoki kituoni bila nakala ya fomu ya matokeo namba 21C iliyosainiwa. Kata yenye vituo 20 iwe na mawakala 20 na wa akiba 5. Mvua ya Tukuyu haina adabu, na wakala aliyelowa saa 12 asubuhi, hajala mpaka saa 9, ananunulika kwa maandazi.

Mhamaji ana shida ya pekee hapa. Mawakala wake wa zamani wanajua vituo vyote na sasa wako upande wa pili. Wa chama kipya hawamwamini. Wengi wanaishia kuweka ndugu zao, na ndugu hajui kuhesabu kura zilizoharibika.

---

Igawilo Stendi

Je akiamua kugombea binafsi? Au kufungua chama chake hapa Mbeya?

---

Mwanjelwa_Juu

Mgombea binafsi hakuna kaka. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania tangu miaka ya 1990, akashinda Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani ikatengua Juni 2010 ikisema hilo ni jambo la Bunge. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua Juni 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki. Katiba iko palepale.

Kufungua chama, andaa nauli. Usajili wa muda unapewa siku 180, na kabla hazijaisha uwe na wanachama wasiopungua 200 wenye sifa za kupiga kura kwenye kila mkoa kati ya mikoa 10, na angalau miwili iwe Zanzibar, Unguja na Pemba zote ziwemo. Chama cha Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa peke yake hakisajiliwi, hata kikiwa na watu laki. Ndiyo maana makundi yanayotoka huchukua chama kilichopo. Waliotoka CHADEMA Mei 2025 na kuingia CHAUMMA walifanya hivyo, na ndani ya miezi michache wakawa na mgombea urais, Salum Mwalimu. Usajili ulikuwepo tayari.

---

Fomu 8C

Nijibu na swali lililokuja kwangu kwa faragha: diwani wa viti maalum akihama, je kuna uchaguzi mdogo?

Hakuna. Kiti cha viti maalum kinatokana na orodha ya chama. Akikoma uanachama, Tume inajaza kwa jina kutoka chama kilekile. Kwa hiyo kuhama kwake hakumpi nafasi ya kurudi kwa wananchi, na ndiyo maana madiwani na wabunge wa viti maalum hupigana mahakamani mpaka dakika ya mwisho badala ya kujiuzulu.

Mwenyekiti wa mtaa, kijiji au kitongoji naye amedhaminiwa na chama, naye akihama nafasi inakuwa wazi. Uchaguzi wao unaendeshwa na TAMISEMI kwa kanuni zake, wa karibuni ulikuwa 27 Novemba 2024. Wengi wanafikiri kwa kuwa hawana posho ya maana hakuna atakayefuatilia. Anayefuatilia ni yule aliyeshindwa naye kwa kura chache.

---

Karani wa Baraza (mleta uzi)

Asanteni. Niongeze mambo ya ofisini ambayo hayajaguswa, kwa yeyote anayeshauri mhamaji.

Mkopo. Madiwani wengi wana mikopo ya benki inayokatwa kwenye posho ya mwezi. Siku posho inapokoma, benki haijui habari za mageuzi. Aende benki kabla ya barua, aulize salio na mpango mpya wa marejesho, apate maandishi. Kiinua mgongo hulipwa mwisho wa kipindi cha baraza, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kuhama baada ya mabaraza kuvunjwa, kama ilivyokuwa Juni 2025, kuliko katikati.

Masurufu. Kama alichukua fedha ya safari na hajarejesha hesabu, arejeshe kabla hajaondoka. Masurufu yasiyorejeshwa ndiyo silaha ya kwanza itakayotumika dhidi yake kwenye kampeni, na itakuwa kweli.

Makabidhiano. Kitambulisho cha diwani, nyaraka za baraza, vifaa alivyopewa na halmashauri, mafaili ya miradi aliyokuwa anayashika nyumbani. Orodha iandikwe, mkurugenzi au mwakilishi wake asaini, yeye abaki na nakala.

Vikao. Asijifiche ili kuepuka kupiga kura. Kukosa mikutano mitatu ya kawaida mfululizo bila ruhusa nako kunamtoa kwenye kiti, na kutoka kwa utoro ni kubaya zaidi kuliko kutoka kwa barua.

Kwa mbunge kuna tarehe moja zaidi. Ibara ya 76(3) inazuia uchaguzi mdogo kama Bunge linatarajiwa kuvunjwa ndani ya miezi 12. Mbunge akihama katika dirisha hilo, jimbo linakaa bila mwakilishi mpaka uchaguzi mkuu. Chama kinachompokea kinamchukua bila kupata kiti, kwa hiyo thamani yake mezani inashuka, na ahadi anazopewa wakati huo azitake kwa maandishi.

---

Igawilo Stendi

Ahadi za chama kwa maandishi? Nani atasaini hizo?

---

Karani wa Baraza (mleta uzi)

Hakuna atakayesaini mkuu. Akishaona hakuna anayesaini, ndipo apige hesabu yake upya, kabla barua haijagongwa muhuri.